Bomba la lita 16

Kibandiko cha chupa ya dawa kinasema mililita 30 kwa lita 20 za maji. Mabomba ya mgongoni tuliyo nayo huku Mbulu mengi ni ya lita 16. Mkulima anayetaka kufuata maelekezo inabidi apige hesabu, apate mililita 24, kisha atafute chombo cha kupimia hizo 24. Hana. Ana kifuniko cha chupa, na vifuniko havilingani.

Mimi ni afisa ugani, kwa lugha ya kijijini bwana shamba, na mboga ndizo zinazonichosha kuliko zao lolote. Watu wa mjini wakisikia wakulima wanazidisha dawa, wanasema elimu haijafika. Elimu ipo. Nina vitini vya kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tengeru na nakala za Mkulima Mbunifu, jarida la kilimo hai linalotoka kwa Kiswahili tangu 2011. Vingi vimeandikwa vizuri na watu wanaojua kazi yao. Tatizo linaanza karatasi inapokutana na bomba, na baridi yetu, na siku ya mnada.

Mama mmoja upande wa Dongobesh alinitolea chupa ya maji ya kunywa, ndani yake dawa nyeupe kama maziwa. "Hii ndiyo ya kanitangaze, bwana shamba. Napiga, hafi." Haikuwa na kibandiko. Dukani walimpimia kutoka chupa kubwa, kwa kuwa hela yake haikutosha chupa nzima. Maelekezo aliyopewa yalikuwa mafupi: vifuniko viwili kwa bomba, piga asubuhi. Nikamwomba anionyeshe na zile za mwanzo. Akaleta pakiti mbili alizozichomeka kwenye paa la banda la mbuzi. Majina tofauti, rangi tofauti, kampuni tofauti, kiambato kimoja. Yeye aliamini amebadilisha dawa. Nyanya zake zilikuwa zimeshatobolewa hadi karibu na kikonyo.

Kanitangaze, ambaye wataalamu wanamwita Tuta absoluta, alithibitishwa Tanzania mwaka 2014. Kiwavi wake anakaa ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini, kwa hiyo dawa ya kugusa inampita. Ukimpiga na kundi moja la dawa msimu mzima, wanaobaki ni wale wasiosikia, na ndio wanaozaliana. Namba ya kundi mara nyingi huandikwa kwenye kibandiko, kwa herufi ndogo. Kibandiko cha ile dawa nyeupe ya yule mama kilibaki dukani.

Muuza duka simlaumu. Anafungua kila siku, anaongea Kiiraqw na wazee, anakopesha mpaka mavuno. Mimi nina vijiji vingi, na pikipiki tuliyogawiwa na serikali 2022 haiendi bila mafuta. Jani likianza kuungua kwa bakajani chelewa, mkulima ana siku chache tu za kuokoa shamba. Hawezi kunisubiri. Kwa hiyo mshauri wa mboga wa kata hii ni kijana wa kaunta, na mara nyingi hakuna aliyemfundisha zaidi ya bei.

Kuna jambo jingine ambalo mlaji halioni kabisa. Kibandiko kinasema subiri siku 7 ndipo uvune. Dawa imepigwa Jumanne, mnada ni Alhamisi, dalali ameshafika na matenga yake, tena ya kujazwa kupita kipimo. Nyanya zimeiva, na zikisubiri wiki zitaozea shambani. Nimewahi kusimama kwenye tuta nikimweleza baba mwenye shamba habari ya siku 7, huku vijana wake wanachuma nyuma yangu. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akaniuliza ada ya mtoto italipwa na nani. Kitini hakina ukurasa wa swali hilo, nami sikuwa na jibu.

Wanaotaka kulima bila sumu wana mkwamo wao. Karibu kila mwongozo wa viuatilifu vya asili unaanza na mwarobaini. Huku juu kwenye baridi mwarobaini haustawi, mpaka uagize majani kutoka sehemu za joto. Vilivyopo ni bangi mwitu, inayoota yenyewe kila pembe ya shamba, utupa, pilipili, na vitunguu saumu ambavyo Mbulu inavijua kuliko karibu wilaya yoyote nchini. Vipimo vya hivyo tunavipata kwa kujaribu na kuulizana.

Nembo ya Kilimohai, inayotolewa chini ya kiwango cha Afrika Mashariki cha 2007, inaruhusu wakulima wadogo kukaguana wenyewe kwa vikundi. Utaratibu huo naukubali kwa moyo wote. Ila unadai daftari la kila kilichowekwa shambani, na nafasi ya kukutenganisha na jirani anayepuliza. Mwenye robo eka kwenye mteremko akiacha nafasi hiyo anabaki na nini? Na akifika sokoni, kabichi lake linapangwa fungu moja na la jirani, bei moja.

Kwa jirani zetu wa Hanang yapo yaliyozidi vitini vyote. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Mwenye bustani iliyofunikwa na tope anahitaji kujua aanze na samadi kiasi gani, apande nini kwanza, udongo ule upimwe wapi. Katika vitini vyangu vyote sijakuta hata aya moja inayomhusu.

Vitini vingine vimeletwa juzi, karatasi nzuri, picha za rangi. Ukurasa wa nyanya unasema miche ihamishwe kutoka kitaluni baada ya wiki nne. Kwenye baridi ya Juni na Julai, mche wa wiki nne huku juu bado haujafikia unene wa penseli. Nimeanza kusahihisha kwa kalamu, nakala moja moja, na pembeni naandika kipimo cha bomba la lita 16.