Kisii haimo kwenye hesabu ya gesi

Wasee wa Kisii na Nyamira, hebu tuulizane: nani huamua bomba la gesi lipite wapi? Tunapenda kujibu "wanasiasa" na kufunga mjadala. Mimi nasema kuna hesabu nyuma yao, tena ni binamu ya ile ya Kidato cha Nne: unachora mistari kwenye grafu, unatia kivuli upande usiotakiwa, kisha unatafuta pembe yenye gharama ndogo kabisa. Ile tunayomaliza KCSE tukisema, "sasa hii itanisaidia na nini?"

Tazama Tanzania. Oktoba 2015 walizindua bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, kipenyo cha inchi 36. Gesi inasuguana na kuta za bomba, kwa hivyo presha hushuka kadiri inavyosafiri. Kupitisha gesi mara mbili kwenye bomba lilelile, tofauti kati ya mraba wa presha ya mwanzo na ule wa mwisho lazima iwe mara nne. Hapo mistari ya grafu yetu inapinda. Lakini ukipanua kipenyo mara mbili na kuacha presha zilivyo, linapitisha zaidi ya mara tano.

Soma hapo tena. Maana yake bomba moja nene kwenda mji mkubwa ni nafuu kuliko mengi membamba kwenda miji midogo. Iambie kompyuta "punguza gharama", itachagua Dar. Haina chuki na mtu, imejibu swali iliyoulizwa.

Na inajibu vizuri kweli. Kwenye bomba refu kuna vituo vya kusukuma gesi, na presha unayochagua kituo cha kwanza inabana vyote vinavyofuata. Mwaka 1968 Wong na Larson walitumia mbinu ya Richard Bellman: vunja safari vipande, tunza jibu bora la kila kipande, usianze upya kila mara.

Lakini mwaka 2013, Januari na tena Mei, watu wa Mtwara waliandamana wakiuliza: gesi inatoka kwetu, sisi tunabaki na nini? Watu walikufa. Swali lao halikuwa swali la presha wala kipenyo.

Sasa sisi. Mei 2021 Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano ya bomba la gesi kutoka Dar hadi Mombasa. Kutoka Mombasa hadi hapa ni karibu kilomita 800 kwa barabara. Ile ya mtungi tunayopikia hata si gesi asilia. Nyingi hushuka melini Mombasa, halafu safari ya kuja huku inaongezwa kwenye bei. Jirani zangu hapa Jogoo wakikosa doo ya kujaza mtungi wa kilo 6, wanarudi kwa makaa na moshi wake.

Sidai bomba Kisii. Pengine hesabu itakataa, na itakuwa sawa. Ninachosema ni kwamba kila hesabu ya aina hii ina lengo na masharti, na vyote viwili huandikwa na mtu. Andika sharti kwamba gesi isizidi bei fulani katika kaunti yoyote, na jibu linabadilika: labda ghala kubwa karibu nasi, labda njia nyingine ya kuisafirisha. Kompyuta itatafuta njia rahisi ya kutimiza sharti hilo. Usipoliandika, haitakukumbuka.

Kwa hivyo msee wa Kidato cha Nne, usiruke ile mada. Na siku wataita wananchi kutoa maoni kuhusu mradi wowote, usiulize tu utaanza lini. Uliza: mnapunguza gharama ya nani?