Wazee Wanaotazama Bahari

Bexhill-on-Sea iko pwani ya kusini ya Uingereza, katika East Sussex, mwendo wa kama saa mbili kwa treni kutoka London. Mtu asitarajie mchanga mweupe wala minazi. Ufukwe wake ni kokoto tupu, za kahawia na za kijivu, nyingine za kujaa kiganja, na kila ukikanyaga mguu unadidimia. Hapa na pale ukuta wa mbao nene umetoka nchi kavu ukaingia majini. Kuta hizo zimejengwa ili kuzuia kokoto, maana mawimbi ya pepo za kusini-magharibi huziswaga kuelekea mashariki, na zikiachwa bila kizuizi ufukwe utahamia upande wa Hastings. Siku za bamvua maji hupwa sana, ndipo mchanga na miamba vinapoonekana kule chini, na mtu anaweza kutembea mbele kwa muda mrefu kabla ya kuloa miguu. Bahari ya kwetu Tanga haishuki kiasi hicho.

Juu ya kokoto kuna njia pana ya kutembelea, imefuata pwani yote ya mji, na hapo ndipo utawaona wenyeji. Wengi ni wazee. Sensa ya mwaka 2021 iliikuta wilaya ya Rother, ambayo Bexhill imo ndani yake, ikiwa na karibu mtu mmoja katika kila watatu mwenye miaka 65 au zaidi. Tanzania hawafiki hata mmoja katika ishirini. Nilizisoma takwimu hizo kabla ya safari, lakini takwimu hazikuandai kwa mtaa ambamo unaweza kutembea asubuhi nzima usisikie mtoto akilia.

Mji wenyewe umejipanga kwa ajili yao. Nyumba nyingi ni za chini, hazina ngazi za kupanda. Kingo za barabara zimeshushwa kila penye kivuko ili magurudumu yapite. Wasioweza kutembea wana viti vya betri vyenye usukani na kapu mbele, na nje ya duka la mikate utavikuta vimeegeshwa kwa mstari, kila kimoja na koti lake la mvua. Mzee aliyefikia umri wa pensheni, ambao mwaka 2025 ulikuwa miaka 66, hupewa kadi ya kupanda basi bure, siku za kazi kuanzia saa tatu na nusu asubuhi. Basi likisimama, dereva hulishusha upande wa mlango hadi usawa wa njia, akangoja mpaka bibi aketi kabisa ndipo aondoke. Nilikaa kituoni makusudi kuliangalia jambo hilo, basi baada ya basi. Nikiwakumbuka wazee wetu wanavyosukumwa ndani ya daladala huku konda anapiga bati gari liondoke, uchungu ulinishika.

Jengo linalosifiwa kuliko yote hapa ni De La Warr Pavilion, lililofunguliwa mwaka 1935. Lina fremu ya chuma, kuta nyeupe na vioo virefu vinavyotazama baharini, na ngazi ya mzunguko iliyozingirwa na vioo. Bwana De La Warr, aliyekuwa meya wa mji, alikuwa mtu wa ukoo wa kitajiri aliyejiunga na chama cha Labour. Alitaka watu wa kawaida wapate mahali pa kusoma, kusikiliza muziki na kuota jua bila kuulizwa wao ni nani. Mmoja wa wasanifu wa jengo hilo, Erich Mendelsohn, alikuwa Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler. Hadi leo unaingia bila kiingilio. Wazee hununua chai, wakakaa penye kioo, na hakuna anayewahimiza waondoke.

Kilichonivuta zaidi ni mabenchi. Yamepangwa kandokando ya njia ya pwani, na mengi yana kibao kidogo cha shaba au chuma mgongoni: jina la marehemu, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, na maneno machache kwamba alipapenda mahali hapa. Familia hulipia benchi badala ya, au pamoja na, jiwe la kaburi. Niliona kibao kimoja kimesuguliwa mpaka kinang'aa, na pembeni yake maua yamefungwa kwa utepe. Bibi mmoja alikuja, akafungua chupa yake ya chai, akaketi upande wa kushoto tu wa benchi, akaacha wa kulia wazi. Sikumsemesha.

Mabenchi yote yanatazama bahari, na jambo hilo lilinikaa akilini siku nyingi. Kwetu Ngamiani, mjini Tanga, ambako barabara zetu zimepewa namba badala ya majina, mzee hukaa barazani, mgongo ukutani na uso njiani. Anaona nani amepita, nani amebeba nini, mtoto wa nani hajaenda chuo. Kila apitaye humwamkia shikamoo, na salamu hizo humjulisha habari za mtaa mzima. Bahari kwetu ni ya kazi. Anayeitazama kwa muda mrefu ni yule anayengoja ngalawa irudi kule Deep Sea, wanakoshusha samaki. Wazee wa Bexhill wameupa mji mgongo, wanatazama maji. Wakipishana husemezana juu ya upepo na jua, kisha juu ya mbwa, na mara nyingi mbwa ndiye anayesalimiwa kwanza.

Pwani hiyohiyo ya kusini ya Uingereza, upande wa magharibi, katika mtaa wa Southsea mjini Portsmouth, aliishi mzee mmoja ambaye watu wetu wanalijua jina lake. Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Unguja, aliyepinduliwa Januari 1964, alikaa huko kimya kwa zaidi ya miaka hamsini, mpaka Oman ilipomruhusu kuhamia mwaka 2020. Alifariki Oman Desemba 2024. Mtu aliyezaliwa Unguja alizeekea kando ya bahari hii ya kijivu, na kila nilipoona mzee aliyevaa koti zito hata mwezi wa Juni, nilimfikiria.

Mwenyeji wangu alikuwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Ni mmoja wa wengi waliokuja baada ya mwaka 2022, serikali ilipofungua viza kwa wahudumu kutoka nje. Mlango huo umefungwa tena tangu Julai 2025 kwa wanaoajiriwa kutoka ng'ambo. Anaogesha, analisha, anageuza waliolala ili wasipate vidonda. Chakula cha jioni huandaliwa saa kumi na moja, na Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo jioni ni ndefu mno. Wahudumu hapa huwaita wazee kwa majina yao ya kwanza, na wenyewe ndivyo wanavyopenda. Mdogo wangu mdomo wake umekataa. Kuna bibi wa miaka zaidi ya tisini ambaye yeye humwita Mama, na bibi huyo sasa haitiki akiitwa vingine.

Kupitia kwa mdogo wangu nilizungumza na mzee mmoja ambaye watoto wake wako mbali. Nilimwuliza, kwa huruma niliyokuja nayo kutoka nyumbani, kama hawakumtaka. Alinitazama vizuri tu. Alisema walimwomba ahamie kwao, yeye akakataa. Utotoni wazazi wake walimleta Bexhill kila kiangazi, na tangu siku hizo alijua atazeekea hapa. Kisha akataka kujua bibi zetu wanaishi wapi.

Nikamweleza habari za bibi yangu mzaa mama. Babu alipofariki Pangani, hatukumwacha hata wiki moja peke yake baada ya arobaini. Wajomba walikaa kikao, wakagawana gharama, wakamleta Tanga kwenye chumba kizuri, na hajawahi kukosa mtu wa kumpikia wala wa kulala naye chumba kimoja. Nilizungumza kwa fahari, na fahari hiyo bado ninayo. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza bibi mwenyewe alisema nini kwenye kikao kile. Nilimwambia ukweli: hakuitwa. Nilirudi Tanga na swali hilo, na Ijumaa iliyofuata nikamwuliza bibi kama angependa kurudi Pangani. Akaniuliza ni nani amenituma.