Tiketi ya Meli: Uliza Bei ya Kutoka Kabla ya Kulipa Bei ya Kuingia

Leo naongea juu ya tiketi ya meli. Kwa mtu wa Bukavu, ziwa Kivu ni barabara ya kwenda Idjwi na Goma. Kwa jamaa iliyohama, tiketi ya kurudi ndiyo pesa kubwa ya kwanza inayotoka mfukoni baada ya miezi ya kulala kwa watu. Pesa hiyo ikipotea, safari imekufa, na mara nyingi chakula cha mwezi kimekwenda nayo.

Kazi yangu inanifikisha bandarini karibu kila wiki. Nikienda kutafuta habari za bei ya maharagwe au za usalama ziwani, narudi pia na malalamiko ya tiketi. Mama mmoja alilipa, mtoto akaugua, pesa haikurudi. Papa mmoja alilipa mapema, bei ikashuka, na jirani yake akakaa kwenye kiti cha kando kwa pesa kidogo kuliko zake. Kijana mmoja alitoa avansi, akafika siku ya safari na kuambiwa nafasi zimejaa. Kila mmoja aliuliza bei ya kuingia melini. Hakuna aliyeuliza bei ya kutoka.

Tuanze na avansi. Ukitoa sehemu ya pesa ili nafasi ishikwe, pesa hiyo inaweza kuwa na maana mbili. Kifaransa cha sheria kina neno « acompte » na neno « arrhes ». Acompte ni sehemu ya bei: umekwisha nunua, umebaki na deni, na muuzaji naye amefungwa kukupa nafasi. Arrhes ni pesa ya kushika tu: katika desturi ya sheria tuliyorithi kutoka Ulaya, mnunuzi akibadili mawazo anaipoteza, na muuzaji akibadili mawazo anairudisha mara mbili. Kwenye karatasi nyingi ninazoonyeshwa bandarini, limeandikwa neno « avance » peke yake. Neno hilo halikuambii uko upande gani. Ndiyo maana inafaa uulize kwa mdomo, kisha uombe jibu liandikwe: hii avansi, nisiposafiri, inarudi au hairudi?

Usiogope kuomba iandikwe. Sheria ya mikataba ya mwaka 1888, ambayo ingali msingi wetu hapa Kongo, inasema kwamba makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale walioyafanya. Maana yake ni kwamba yale maandishi madogo nyuma ya tiketi yanakufunga wewe, lakini yanamfunga pia mwenye meli. Kwa bahati mbaya yako kwa Kifaransa, na mama wengi wanaoshika tiketi hizo wanasoma Kiswahili, au hawakupata nafasi ya kusoma. « Non remboursable » maana yake pesa hairudi. « Report » maana yake safari inasogezwa tarehe nyingine. « Pénalité » ni kile kinachokatwa ukivunja safari. Tiketi inaweza kukataa kurudisha pesa na papo hapo ikakubali kusogeza tarehe. Mtu anayeona neno la kwanza tu anakwenda nyumbani kulia, na haki yake imebaki dirishani.

Nililiona hilo katika jamaa yangu. Mama yangu mdogo alikuja Bukavu na watoto watano Januari 2025, vita vilipokaribia Goma. Mwisho wa mwezi huo Goma ikaingia mikononi mwa M23, na meli za kati ya miji hii miwili zikasimama. Katikati ya Februari, Bukavu nayo ikafuata. Miezi ilipita kabla hajapata moyo wa kurudi kuangalia nyumba yake. Alilipa nusu ya bei ya nafasi sita kwa safari ya Ijumaa. Usiku wa Jumatano mtoto mdogo akashikwa na homa kali.

Mama mdogo alitaka kunyamaza na kungoja, labda mtoto angeamka vizuri. Tulisoma pamoja nyuma ya resi yake. Ilisema kwamba anayetoa habari saa 24 kabla ya meli kuondoka anaweza kusogeza tarehe mara moja bila kukatwa kitu. Baada ya hapo anakatwa. Na meli ikiisha ondoka, kila kitu kimepotea. Alhamisi asubuhi, ofisi ikifunguliwa, alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Waliandika tarehe mpya, wakapiga muhuri, hawakuchukua faranga hata moja. Angengoja hadi Ijumaa jioni, nafasi sita zingeondoka bila yeye. Mtoto angekuwa mgonjwa vilevile. Tofauti ingekuwa saa tu.

Kwa hiyo nawaambia: ugonjwa, kilio au habari mbaya ya njia ikitokea, kimbilia ofisini kwanza, hata kama bado una matumaini ya kusafiri. Katika biashara hii pesa hufuata saa.

Na bei ikishuka baada ya wewe kulipa? Jambo hili hutokea. Meli zikiwa chache bei inapanda; zikiongezeka zinagombea abiria na bei inateremka. Wengine husema « nimekwisha lipa, basi ». Ngoja kidogo. Nenda dirishani na tiketi yako, kwa heshima, kabla ya siku ya safari, uombe wakupe bei mpya. Mimi nililiomba hilo mwaka jana kwa tiketi tatu za kazi. Pesa taslimu walikataa, lakini walikubali kuhesabu tofauti kama malipo ya mizigo yetu. Si kila ofisi itakubali, na siwezi kusema ni lazima wakubali. Lakini asiyeomba hapewi.

Wakikataa kabisa, fanya hesabu kabla ya kukasirika. Tuseme ulilipa dola 20 na sasa kiti ni dola 15. Tuseme tena kuvunja safari kunakatwa asilimia 10. Ukivunja, unakatwa dola 2, unarudishiwa 18, unanunua upya kwa 15, na dola 3 zinabaki mkononi. Kwa watu sita ni dola 18. Lakini makato yakiwa asilimia 30, utakatwa dola 6 ili upate nafuu ya dola 5. Hapo kaa kimya na tiketi yako, umeisha shinda. Na kabla ya kuvunja tiketi ya zamani, hakikisha nafasi mpya ipo kweli.

Ndugu zetu walio Ulaya na Marekani wanaopanda zile meli kubwa za matembezi wanaijua hesabu hii. Huko msafiri hutoa avansi, kisha anapewa tarehe ya kumaliza deni, mara nyingi miezi kama mitatu kabla ya safari. Bei ikishuka kabla ya tarehe hiyo, kwa kawaida anaweza kuomba ile mpya. Baada ya hapo mlango unafungwa, na makato ya kuvunja safari yanapanda ngazi kwa ngazi hadi kumeza bei yote. Meli ni kubwa kuliko zetu mara nyingi, lakini swali la kuuliza ni lile lile: tarehe gani inageuza mambo?

Mambo yanakuwa tofauti ikiwa meli yenyewe ndiyo haikuondoka. Upepo, amri ya wakuu, mashine mbovu: hayo si makosa ya abiria, na makato ya kuvunja safari hayana nafasi hapo. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2010 inasema safari ya majini ikifutwa, au ikichelewa kuondoka zaidi ya dakika 90, abiria achague kupelekwa kwa njia nyingine au kurudishiwa bei ya tiketi ndani ya siku 7. Kanuni hiyo haifiki Kivu. Lakini wazo lake linaeleweka hata Kadutu: aliyevunja safari ndiye anayebeba hasara. Lisemeni dirishani bila kupiga kelele, mkiwa wengi ikiwezekana, na tiketi zikiwa mkononi. Ukirudishiwa kwa njia ya simu, uliza nani analipa makato ya kutoa pesa, na usifute ule ujumbe.

Sasa nafika kwenye jambo linaloniumiza zaidi. Kwa kuogopa makato, watu wengi wanauza tiketi zao bandarini. Komisioneri anapita, anasema « mama, nipe hiyo tiketi, nina mtu », na ndani ya dakika tano imekwisha. Muuzaji amepona makato, mnunuzi amepata bei nafuu. Wote wawili wanafurahi. Lakini jina lililo kwenye orodha ya abiria ni la mtu aliyebaki nyumbani, na mtu aliye melini hana jina.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma, watu wakiangalia kutoka ukingoni. Barabara ilikuwa imekatwa na vita, ndiyo maana wengi walipita majini. Gavana wa Kivu Kusini alitangaza kwamba watu 278 walikuwa ndani na kwamba angalau 78 walikufa. Upande wa Goma ulitoa hesabu nyingine. Jamaa zilizunguka hospitali na mochari zikitafuta watu wao. Boti ikizama, kitu cha kwanza kinachoulizwa ni orodha. Ikiwa orodha ina uongo, kuna mama atakayelia mtoto aliye hai, na kuna mwingine ambaye hatajulishwa chochote.

Ukitaka kumpa mtu mwingine nafasi yako, nendeni wote wawili dirishani, jina libadilishwe kwenye tiketi na kwenye orodha. Wakidai kitu kidogo kwa kazi hiyo, lipeni. Na watoto nao waandikwe, hata wale wa mgongoni ambao hawalipi.

Basi, kabla ya kutoa dola ya kwanza, uliza mambo manne. Avansi inarudi au hairudi? Mwisho wa kusogeza tarehe ni saa ngapi? Nikivunja, nakatwa kiasi gani? Na meli isipoondoka, narudishiwa lini? Omba resi yenye muhuri, yenye tarehe, ikisema kama ni dola au faranga. Kisha angalia mstari wa jina, herufi kwa herufi, kabla hujatoka dirishani.