Kila Kitu na Amana Yake

Sisi watu wa pwani tunaoishi bara huulizwa na jamaa zetu, kila tunaporudi nyumbani, kwamba huko tunashughulika na nini. Mimi na mume wangu tunaishi Kanja, mji mdogo wa soko katika Kaunti ya Embu, upande wa Runyenjes, penye mashamba ya kahawa na chai kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Mwaka huu jibu langu liliwashangaza: nilikuwa nikijifunza kuandika programu za kompyuta, tena pamoja na wanafunzi wa umri wa binti yangu.

Shule anayosoma binti yangu ina kikundi cha roboti chenye wanafunzi tisa, watano wao wasichana. Roboti yao ni kigari kidogo chenye mota mbili, vihisi vya kufuata mstari mweusi sakafuni, na kihisi kimoja cha kupima umbali wa kizuizi. Ubongo wake ni kibao cha Arduino, aina iliyobuniwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, ili wanafunzi wapate kifaa cha bei nafuu. Programu yake yote iliandikwa na kijana mmoja hodari. Muhula wa pili wazazi wake walihama, naye akahama nao.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, ila hapakuwa na wa kulisoma. Kijana aliiacha kazi yake yote, mistari zaidi ya mia tatu mfululizo, mota na vihisi na betri vimechanganyika humo kama uzi uliotatana. Ukigusa mstari wa kuongeza mwendo, kigari kilisahau kusimama mbele ya ukuta. Mwalimu msimamizi akasema kwamba hali ikibaki hivyo, kikundi kitavunjwa. Binti yangu, ambaye kazi yake mpaka hapo ilikuwa kubeba sanduku la vifaa, alisikitika sana. Mimi nimesomea uhasibu, na tarakimu hazinitishi; nikaomba ruhusa ya kukaa nao kila Jumamosi asubuhi, sote tujifunze.

Tulichojifunza kina asili yake Norwei. Katika miaka ya 1960, mjini Oslo, wataalamu wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, walitaka kuiga ndani ya kompyuta mambo ya ulimwengu, kama vile watu wanaosubiri katika foleni. Wakaunda lugha iitwayo Simula, ambamo programu hujengwa kwa vitu, na kila kitu hubeba habari zake na kazi zake chenyewe. Mwaka 1979 Mdenmarki Bjarne Stroustrup aliichukua fikra hiyo na kuanza kazi iliyozaa lugha ya C++, nayo ndiyo inayotumiwa na kibao chetu.

Akina mama wenzangu, fikra hii si ngeni kwetu. Katika shughuli ya arusi yuko aliyekabidhiwa mchele, yuko wa nyama, yuko wa maji. Mwenye shughuli hazunguki kufunua kila sufuria. Hutuma neno, nalo hutekelezwa. Mpishi akiacha kuni akatumia gesi, wali hupakuliwa vile vile na mgeni hana habari. Na anayeshona kofia za vito ataelewa jambo la pili: kigezo ni kimoja, kofia ni nyingi, kila moja na kipimo chake. Mota ya kulia na ya kushoto zimetoka katika kigezo kimoja, lakini kila moja ina mwendo wake.

Basi tukaigawa programu. Kila mwanafunzi alipewa kitu chake kama amana, na sharti likawa moja: usiingize mkono ndani ya kitu cha mwenzio, kiulize, kikujibu. Binti yangu alipewa kihisi cha umbali. Kihisi hicho hutoa sauti isiyosikika na masikio ya binadamu, kisha husubiri mwangwi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo muda huzidishwa kwa mwendo huo, kisha hugawanywa kwa mbili, kwa kuwa sauti imekwenda na kurudi. Hesabu hiyo hubaki ndani. Kwa wenziwe hutoka jibu moja tu: umbali, kwa sentimita.

Haikuwa njia ya mkato. Ilituchukua Jumamosi sita, na programu ikawa ndefu kuliko ile ya awali. Wako watakaosema kwamba kigari kidogo hakistahili taabu hiyo, na kwa mtu mmoja anayefanya kazi peke yake huenda wamesema kweli. Lakini siku kihisi kilipoharibika na kikanunuliwa kingine cha aina tofauti, binti yangu alibadilisha sehemu yake pekee, na kigari kikasimama mbele ya ukuta bila mwingine yeyote kugusa mstari. Kikundi hakikuvunjwa. Wa kidato cha nne wataondoka mwisho wa mwaka, na kila mmoja wao ameshaanza kumkabidhi mdogo wake kitu chake.

Tangu hapo nazitazama nyumba zetu kwa jicho jingine. Ziko ambamo baba peke yake ndiye ajuaye hati za shamba zilipo na nani anadaiwa. Ziko ambamo mama peke yake ndiye ajuaye dawa za bibi na saa zake. Maadamu mtu huyo yupo, mambo huenda vyema. Akisafiri, akiugua, au akiitwa na Mola wake, waliobaki hupapasa gizani. Wiki hii, jioni moja baada ya chakula, waiteni watoto mkae nao, kila mmoja akabidhiwe jambo lake, na wote wajue la kuulizwa nani.