Maji Yatapita Wapi

Nyumba ya jirani yetu, babu wa dukani, imevunjwa. Kijiko kilifika asubuhi, na adhuhuri ilipoadhiniwa palikuwa pamebaki rundo la udongo, mawe na boriti. Mjukuu wangu, anayesomea usanifu majengo bara, alikuwa nyumbani kwa likizo, tukasimama pamoja kutazama. Akaniambia, "Babu, ile baraza ilikuwa inakula kiwanja bure. Futi tatu nzima, halafu hamna kitu juu yake."

Usiku akanionesha kwenye simu yake picha za skuli ya Gando, kule Burkina Faso. Ilijengwa na Francis Kéré, mtoto wa kijiji hicho, kwa matofali ya udongo. Ilimalizika 2001, ikapata Tuzo ya Aga Khan 2004, na mwaka 2022 Kéré mwenyewe akapewa Pritzker, tuzo ambayo kila msanifu duniani anaiota. Wanakijiji ndio waliofanya kazi, na paa la bati limenyanyuliwa juu ya dari ili joto lipate pa kutokea. Kijana alikuwa akieleza kwa furaha, macho yanamng'aa, na mimi nilifurahi naye. Kisha nikamuuliza juu ya miti ya paa: kombamoyo ni nini. Hajui. Pao? Hajui. Nikamuuliza nyumba inakandikwaje. Akacheka, akasema hayo hawafundishwi.

Simlaumu yeye. Sisi tuliokandika kwa mikono yetu hatukumwambia.

Tulihamia Mwanakwerekwe, hapa Unguja, pakiwa bado shamba. Watu wa mjini walipajua kwa makaburi tu. Ukisema unakaa Kwerekwe walikutazama kwa huruma. Nimeitoa hati ya kiwanja kabatini nikaisoma tena, imeandikwa 1969. Dada yangu anashikilia kuwa tulihamia kabla, maana anakumbuka alianzia chuo huko huko. Na iwe hivyo.

Ninalolikumbuka vizuri ni siku baba aliyowaita majirani. Kiwanja kilikuwa kitupu, hakuna kigingi hata kimoja. Alisubiri mvua ya masika iliyonyesha kutwa, akamwita jirani wa juu na jirani wa chini, wakasimama pale kanzu zimepandishwa magotini, wakaangalia. Maji yalipita kwa upande wa kibla, yakazunguka mzizi wa mwembe, yakateremkia bondeni. Jirani wa chini akauliza, "Wewe ukijenga hapa, maji yatapita wapi?" Baba akasogea hatua kadhaa, akaonesha kwa fimbo. Wakakubaliana. Nyumba yetu imekaa upogo kidogo ukilinganisha na njia, na wageni hudhani fundi alikosea. Imekaa vile kwa sababu ya maneno ya siku ile.

Boriti zilikuwa za mkandaa, zimeletwa kwa jahazi kutoka Rufiji. Urefu wa boriti ndio unaokata upana wa chumba. Hata Mji Mkongwe, kwenye majumba ya matajiri, vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu hiyo hiyo: mti wa mkoko uliobeba dari ya mawe hauwezi kuvuka zaidi ya mita 3 au karibu na hapo. Tajiri na maskini walipimiwa na msitu mmoja.

Nguzo zikachimbiwa, fito zikafungwa kwa kamba za usumba, na msumari ukabaki kuwa wa milango na madirisha. Katikati ya fito yakajazwa mawe madogo. Udongo mwekundu ulichimbwa uani kwetu wenyewe. Wanawake waliteka maji, sisi watoto tukaukanyaga mpaka ukawa laini, mapaja yetu mekundu, na wanaume wakakandika. Kazi ya kukandika haimsubiri mtu mmoja, kwa hiyo siku hiyo mtaa mzima ulikuwapo, na sufuria za wali na mchuzi wa papa zilikuwa chini ya mwembe. Ukuta uliachwa ukauke, ukapasuka, ukakandikwa tena, kisha ukapakwa chokaa ya tanuu, ile inayotokana na mawe ya matumbawe yaliyochomwa juu ya magogo. Miezi ya mwanzo nyumba ilinuka udongo mbichi na makuti mapya. Nikiingia leo mahali panaponuka hivyo, jambo lisilotokea mara nyingi, mwili unarudi utotoni kabla akili haijafika.

Makuti yalishuka chini sana, mtu mzima alilazimika kuinama aingie barazani. Mjukuu wangu anaona ule ulikuwa umaskini wa vipimo. Lakini jua la kaskazi halikuufikia ukuta hata saa tisa, na mvua ya kusi haikuufikia pia. Kati ya kichwa cha ukuta na paa palikuwa na mwanya. Moshi ulitoka, upepo uliingia, na usiku tulijifunika shuka. Na baraza, hiyo inayokula kiwanja, ilikuwa ndiyo mguu wa nyumba. Mvua ikidunda chini ikaruka, inaupiga udongo wa baraza, haiufikii ukuta wenyewe. Kila mwaka baada ya masika unakandika baraza upya kwa siku moja, na nyumba inaishi.

Sasa huyo babu wa dukani. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, dirisha moja la mbao linalofunguka kwa juu. Ndani palinuka mafuta ya taa, papa mkavu, sabuni ya mche na karafuu alizoziweka kwenye kopo karibu na mizani. Alipima mchele kwa kibaba na kila mara aliongeza ukufi mmoja baada ya kukifuta. Alipanda mkungu mbele ya baraza mwaka aliomaliza kujenga, akaukata matawi ya chini ili utandawae, na mti ule ukawa na matabaka ya kivuli mpaka katikati ya njia. Jioni alimwaga maji chini kutuliza vumbi.

Barazani aliweka mtungi na kata ya kifuu. Watu waliotoka makaburini walipita hapo kunawa miguu na kunywa. Hakuuliza mtu ni nani. Nimewaona watu wa mjini, wenye kanzu za darizi, wamekaa bega kwa bega na mchukuzi wa gari ya ng'ombe, wote wametoka kuzika, wote kimya, wanasubiri jua lipungue. Ukichoka unakaa. Mama mwenye mtoto mgonjwa alikaa akisubiri gari ya kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja. Baada ya alasiri ilikuwa dhumna, na baada ya isha muuza kahawa aligonganisha vikombe, na habari za msiba, harusi na deni zilipita pale kabla ya kufika kwingine. Mimi nilijifunza kusoma gazeti kwenye baraza ile, nikiwasomea wazee wasioona vizuri. Wanawake walikuwa na njia yao nyuma: ua wa makuti uliachwa na kipenyo kati ya nyumba na nyumba, na mama angeweza kwenda nyumba ya nne kuazima kinu bila ya kutokea njiani.

Niseme jambo moja wazi, ili nisije nikasemwa napamba umaskini. Makuti yaliungua. Panya na nge walikaa humo. Kila baada ya miaka michache yalitaka kuezekwa upya, na mjane asiye na watoto wa kiume aliishi na paa linalovuja. Mama alipopata bati la kwanza alilia kwa furaha, na alikuwa na haki.

Mjini nako watu walikuwa wakipangiwa pa kukaa. Ng'ambo, upande wa pili wa mji, imechorewa mipango tangu wa Lanchester, 1923, ukaja wa Kendall, 1958, ukaja wa Hubert Scholz wa Ujerumani Mashariki, 1968, na wa Wachina, 1982. Ami yangu alipata nyumba kwenye maghorofa ya Michenzani, akatoka kwenye kibanda akaingia kwenye umeme na maji ya mfereji. Alijivuna nayo mpaka anakufa. Mkewe aliipenda kwa usafi, akaililia kwa kukosa ua; alikuna nazi kwenye ngazi. Waliokuja kuishi pale, baada ya muda, walishuka chini ya majengo wakajiwekea mabao ya kukalia, kwa sababu watu walihitaji kukaa pamoja na mchoro haukuwawekea pahala. Ukipita leo utawaona. Kitabu cha *Ng'ambo Atlas*, kilichotoka 2019, kimeichora Ng'ambo kwa heshima ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya Mji Mkongwe peke yake, na namtaka mjukuu wangu akisome chote.

Kwerekwe ilijaa haraka. Bati likaja, tofali la saruji likaja, na kwa kuwa tofali halihitaji mtaa mzima kulijenga, mtaa mzima haukuitwa tena. Miaka ya tisini watu wakaanza kuziba baraza na kuzifanya vyumba vya kupangisha. Ukuta ukaja baada yake, kisha geti, kisha chupa zilizovunjwa juu ya ukuta. Wizi upo, sikatai. Lakini mtaa usio na mtu barazani nani atamwona mwizi? Nyumba ya tofali na bati isiyo na mwanya wala kipenu inapika watu. Wanawasha feni mchana kutwa wanalalamikia umeme. Na mchanga wa matofali hayo unatoka kwenye mashimo yaliyokula mashamba ya watu kaskazini ya kisiwa hiki kidogo.

Kubwa zaidi ni bonde. Bwawa la Mwanakwerekwe lilijaa kila masika. Tulilala kwa kelele za vyura, tukaamka tukakuta yungiyungi. Maji yalikaa wiki kadhaa, yakazama taratibu, na visima vyetu vikajaa. Hakuna aliyejenga pale kwa sababu hakuna jirani ambaye angemkubalia. Kisha watu wakamwaga kifusi, wakapata vipande vya karatasi, wakajenga. Masika ya 2017 kila mtu anayajua: barabara haipitiki, magodoro juu ya mapaa, watoto wanabebwa mgongoni. Watu walisema maji yamevamia nyumba. Maji yalikuwa yamerudi kwao.

Mradi wa huduma za mji, ZUSP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulituletea mitaro mikubwa ya kuyapeleka maji baharini, na tumepumua. Nashukuru kwa dhati. Hata hivyo kisiwa hiki kinakunywa maji yaliyozama ardhini, hakina mto wa kutegemea, na sasa mvua inayoshuka Kwerekwe inakimbizwa pwani kabla ardhi haijaionja. Hili ndilo swali ninalotamani walimu wa mjukuu wangu wamwekee mezani, kabla ya rangi ya ukuta na umbo la dirisha.

Soko la zamani la hapa nalo limekwisha, limejengwa la ghorofa. Wauzaji wako pakavu, na niliowaona wakiuza mchicha wakiwa wamesimama kwenye tope hawanihitaji mimi niwalilie yale mabanda.

Kinachonikera ni kuona tulivyovitupa vikiuzwa kwa wengine. Makuti yaliyohama Kwerekwe yamekwenda Nungwi na Paje, kwenye mahoteli, ambako mgeni analipa alale chini ya paa linalopumua kama la mama yangu. Fumba unajengwa mji mpya wenye nyumba za mbao, na bustani zinazofuata maumbile. Nimekwenda kuziangalia; ni kazi ya watu waliofikiri. Bei yake haimhusu muuza samaki wa hapa, na yeye ndiye mwenye joto kubwa zaidi.

Nimemwambia kijana asirudi kwenye udongo kwa ajili yangu. Tofali si dhambi. Nimemtaka achore nyumba ya tofali yenye paa lililotoka nje vya kutosha, mwanya wa juu, mahali pa mpita njia kukaa, na shimo la kuzamishia maji ya bati, kwa pesa anazopata mwalimu wa skuli. Amechora mara mbili. Mchoro wa kwanza ulikuwa na baraza iliyotazama ndani ya ukuta. Nikamuuliza nani atakaa hapo. Akaenda akaufuta.

Kwenye kiwanja cha babu wa dukani msingi umeshachimbwa. Fundi ameunyanyua kozi nne juu ya njia, maana yake maji yote yanakuja kwetu na kwa jirani wa chini, ambaye sasa ni mtoto wa yule aliyemuuliza baba. Tulikwenda mimi na mjukuu wangu, naye akabeba futi yake. Fundi hakuwa mkaidi. Alisema mwenye kiwanja yuko Muscat, akatupa namba. Tukampigia palepale, simu juu ya mfuko wa saruji, sauti ikikatika. Aliuliza ni mita ngapi tunazotaka. Kijana akamtajia, akamweleza mteremko, akamtumia picha ya mchoro. Amekubali kuacha kichochoro cha futi tatu na kuchimba shimo la maji ya paa. Mkungu ulishakatwa kabla hatujampigia. Kuhusu baraza amesema atazungumza na mkewe.