Mtoto Mtundu na Ukubwa wa Ua

Katika lugha yetu yako maneno yenye nyuso mbili, na mojawapo ni utundu. Mama akisema kwamba mwanawe ni mtundu, aghalabu hulalamika kuwa mtoto amevunja bilauri, amemwaga maji ya kunywa na kuificha ndara ya baba yake ndani ya sufuria. Lakini seremala akisifiwa kuwa ni mtundu, twafahamu kuwa mikono yake yaweza kukigeuza kipande cha ubao kisicho thamani kikawa kitu cha kutazamwa. Neno ni lile lile. Yaelekea waliolitumia zamani waliona jambo ambalo wazazi hulisahau kila siku, kwamba mkono uvunjao na mkono utengenezao ni mkono mmoja katika umri mbalimbali.

Nimelifikiri neno hili mara nyingi kwa sababu ninaye binti wa miaka miwili na miezi saba, naye ni mtundu kwa maana ya kwanza bila ya shaka yo yote, na kwa maana ya pili kwa matumaini ya mama yake. Huamka kabla ya adhana ya alfajiri, na tangu hapo mpaka usiku hana kituo. Kiti kwake ni ngazi ya meza, meza ni ngazi ya dirisha, na dirisha, namshukuru Mungu, lina nondo. Kila chenye kifuniko hukifunua, na kila chenye kitundu hukitia kidole. Akikatazwa hulia kwa mwili mzima. Hujitupa sakafuni, akaukaza mgongo kama upinde, na kilio chake hushuka ngazi za ghorofa tatu kikawafikia majirani wote.

Maneno mawili aliyapata mapema na kuyatumia kuliko mengine: sitaki na mwenyewe. Wenye elimu ya sarufi watanisamehe nikisimama hapa kidogo. Katika sitaki mna nafsi, mna kukana, na mna matakwa, vyote vimefungwa katika tamko moja la silabi tatu. Mtoto ajifunzaye kulisema hujifunza kwa pumzi moja kwamba yeye yupo, kwamba aweza kukataa, na kwamba ndani yake mna kitu kiitwacho kutaka. Mwenyewe nalo ni neno kubwa kwa kinywa kidogo. Hulisema anapotia mguu wa kushoto katika kiatu cha kulia, anapojimiminia uji, anapopanda kitandani na kuteleza na kupanda tena. Kwa sisi watu wazima mwenyewe ni mwenye nyumba, mwenye shamba, mwenye mali. Kwa mtoto wa miaka miwili mali ya kwanza ni tendo lake. Ukimvalisha kiatu kwa kuwa umechelewa kazini, umemnyang'anya mali hiyo, na kilio akiliacho ni kilio cha mtu aliyeibiwa.

Ushauri haukosi katika nyumba yenye mtoto wa namna hii. Wa kwanza ni ule wa samaki kukunjwa angali mbichi, na watu wengi wautoao hufasiri kukunja kuwa ni kofi. Nataka kusema waziwazi kwamba katika nyumba yetu kofi halimo, wala si kwa sababu ya upole wangu, kwani mimi si mpole sana. Sababu ni ya akili. Adhabu ni aina ya maelezo, na maelezo hayana faida kwa asiyeweza kuyafahamu. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 haikumwondolea mzazi haki ya kumrudi mwanawe. Walakini yasema kwamba kurudi huko hakuna haki kukipita kiasi kwa umri na hali ya mtoto, wala hakuna haki ikiwa mtoto, kwa uchanga wake, hawezi kuelewa kusudi lake. Mtoto wa miaka miwili apigwapo kwa kupanda meza hafahamu kwamba meza ni hatari. Hufahamu kwamba mama ni hatari.

Ushauri wa pili hutolewa kwa sauti ya chini: huyu ni mtoto wa kike. Ndugu zake wa kiume wakipanda mpapai husemwa kuwa wana nguvu. Yeye akipanda meza huulizwa atakuwa mwanamke gani. Swali hilo ni zuri kuliko wanavyodhani waliulizao, na huwa nalijibu kwa swali. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika kisiwa cha Unguja, alikuwa akiuza vyungu kabla ya kujulikana kwa uimbaji, na mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Je, sauti ile ingalitoka katika koo lililofundishwa tangu utotoni kunong'ona? Sisemi kwamba binti yangu atakuwa Siti. Nasema kwamba sauti huhitajiwa baadaye, na mtu hawezi kuizima leo kwa raha yake akatarajia kuiwasha atakapopenda.

Hata hivyo ukweli wabaki kwamba mtoto huyu huchosha. Tunakaa Upanga, mjini Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, vyumba viwili. Baba yake na mimi sote twafanya kazi. Jirani yetu wa chini, mtu mzima mstaarabu, hugonga dari kwa mpini wa ufagio mtoto akianza kukimbia baada ya magharibi. Siku moja nilihesabu makatazo yaliyotamkwa katika vyumba vile viwili kabla ya adhuhuri, nikafika thelathini na saba. Yalikuwa ya haki yote: usiguse waya, usivute kitambaa cha meza, usiruke, shuka, acha. Wengi wa rafiki zangu huyapunguza makatazo kwa kumpa mtoto simu yenye picha, naye hutulia kama maji ya mtungini. Siwalaumu, ila utulivu ule hunitia hofu kuliko kelele.

Mwishoni mwa mwaka 2024, binti yangu alipokuwa ametimiza miaka miwili, nilimpeleka Pangani kwa mama yangu. Nyumba ya mama ni ya kale, na nyuma yake mna ua wenye mnazi mmoja, mpapai, banda la kuku, kisima chenye kifuniko kizito cha mbao, na jiko la mafiga chini ya paa la makuti. Kwa macho ya mtu wa ghorofani pale pana hatari nyingi kuliko nyumba yetu yote. Tulikaa siku kumi na nane, na kilio cha kujitupa chini nilikisikia mara mbili tu.

Sababu hazikuwa za ajabu. Kila alipokwenda alikuwa na watu: watoto wa kaka yangu watatu, binti wa jirani wa miaka tisa aliyejifanya mlezi bila ya kuajiriwa, shangazi yangu akisuka ukili barazani, na mama mwenyewe. Macho yaliyomtazama hayakuwa mawili, bali kumi na mawili, wala hakuna aliyechoka, kwa kuwa kila mmoja alitazama kidogo. Kisha alipewa kazi. Mama yangu alimpa kifuu akamwambia kuku wana kiu. Mtoto alichota maji katika beseni, akaenda nayo huku nusu ikimwagika njiani, akarudi akachota tena, na shughuli hiyo ilimshika tangu chai ya asubuhi hata jua likawa kali. Siku nyingine alipewa ungo mdogo wenye konzi ya mchele, akapeta kwa namna yake, yaani mchele wote ukaanguka, na kuku wakafaidi. Hakuna aliyesema neno. Nilipomweleza mama yangu sifa mbaya aliyo nayo mjukuu wake mjini, alicheka, akasema, "Mwanangu, huyu si mkorofi. Huyu hana kazi."

Makatazo ya ua ule yalikuwa mawili, kisima na moto. Kisima kilikuwa na kifuniko chake na hakikuhitaji maneno. Juu ya moto nilijifunza jambo. Mama alipomwona mtoto akielekea mafigani hakupiga ukelele. Alimshika mkono, akaenda naye polepole mpaka joto likamfikia usoni, akasema, "Moto," akangoja, kisha akarudi naye. Alifanya hivyo siku tatu. Siku ya nne mtoto alisimama mwenyewe mahali pale pale joto linapoanza, akanyosha kidole, akatutangazia sote kwamba pana moto. Iko methali isemayo kwamba mtoto akililia wembe apewe. Nimeisikia ikisemwa mara nyingi juu ya watu wazima wasiosikia, wala sijapata kuona bibi aliyempa mjukuu wembe. Lakini joto la wembe, kama yafaa kusema hivyo, mama yangu alilitoa.

Niliporudi Dar es Salaam nilisoma kazi ya madaktari wawili wa Marekani, mtu na mkewe, Alexander Thomas na Stella Chess, walioanza mwaka 1956 katika mji wa New York kuwafuata watoto 133 tangu uchanga. Waliona kwamba tabia za watoto zaanza kutofautiana mapema sana: yuko mwenye mwendo mwingi na mwenye mwendo mchache, mwepesi wa kuzoea na mzito, mwenye kilio kikali na mwenye kilio laini. Kumi hivi katika kila mia waliwaita watoto wagumu. Watu wengi huishia hapo, wakachukua jina na kumbandika mtoto. Lakini hoja yao kubwa ilikuwa nyingine, kwamba ugumu haumo ndani ya mtoto peke yake wala ndani ya mzazi peke yake. Umo katika kulingana au kutolingana kwa mtoto na mahali alipo. Walipowatazama pia watoto wa watu wa Puerto Rico, wafanyao kazi za mikono katika mji ule ule, walikuta malalamiko ya mwendo usiozuilika ni mengi kuliko kwa watoto wa wenye nafasi. Vyumba vya watu wale vilikuwa vidogo na wakazi wengi, na watoto walifungiwa ndani kwa hofu ya barabara. Nilipoyasoma hayo nilisikia mpini wa ufagio ukigonga dari.

Basi yaonekana utundu hupimwa kwa ukubwa wa ua. Hilo lingalikuwa jambo jepesi kama si neno aliloniambia mama yangu siku ya kuondoka, tulipokuwa tukingoja basi. Alisema, "Niachie." Hakusema zaidi, wala hapakuwa na haja. Wengi wetu tumelelewa na bibi zetu, na hakuna aliyeona ajabu. Ua uko, kuku wako, macho kumi na mawili yako. Akili yangu yote ilikubaliana naye.

Lililonizuia nilikuwa nimeliona katika ua ule ule. Kila baada ya vifuu vitatu au vinne vya maji mtoto aliuacha msafara wake, akaja nilipokaa, akanigusa goti, akaenda zake. Hakutaka kitu. Nilipokuwa sokoni, mama aliniambia, kifuu kililala kando ya beseni. Bibi mmoja mtaalamu, Mary Ainsworth, alikaa Uganda katika miaka ya 1954 na 1955, akizuru nyumba za mama 26 katika vijiji vya jirani na Kampala na kuwatazama watoto wao wachanga 28, kazi iliyotoka kuwa kitabu mwaka 1967. Naye aliona jambo hili: mtoto hutambaa kwenda kuuchungua ulimwengu, hugeuka kutazama, hurudi, huenda tena mbali zaidi, na mama ndiye kituo atokacho na arudiko. Ujasiri wa kwenda watokana na uhakika wa kurudi. Kwa hiyo elimu moja iliniambia kwamba mtoto huyu ahitaji ua, na nyingine ikaniambia kwamba ahitaji goti. Ua uko Pangani na goti lina kazi Dar es Salaam. Elimu haisemi kipi kitangulie, na mwenye kuchagua hana budi kupunguziwa upande mmoja.

Hatukumwacha. Baba yake alisema kwamba nyumba isiyoweza kuongezwa yaweza kupunguzwa, tukauza meza ya kulia na viti vyake, nasi sasa twala mkekani kama wazee wetu. Makatazo yamebaki matatu: jiko la gesi, dirisha, na ngazi bila ya mkono wa mtu. Anazo kazi zake. Humenya vitunguu saumu, akatoa kimoja kwa dakika kumi, hufuta viatu, huloweka vitambaa katika ndoo na kuvikamua na kuviloweka tena. Jioni twamteremsha mpaka pwani, na maji yakikupwa hapana ua mkubwa kuliko ule. Ngazi huzishuka kwa miguu yake, kidato kwa kidato, mkono mmoja ukutani na mmoja kwangu, na safari hiyo hula robo saa. Watu wenye haraka hutupita. Jirani wa chini amezoea kutungoja mlangoni pake na huulizia habari za kuku wa Pangani, ambao amekwisha kuambiwa majina yao.

Usiku wa mvua, tusipoweza kutoka, mambo hurudi kuwa kama zamani, na dari hugongwa. Mama yangu hupiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Huuliza kama mtoto amekula, huuliza kama ameongeza maneno, kisha huuliza siku ya kumleta. Simwambii kwamba haiwezekani. Namwambia Desemba.