Kati ya Reli na Lami

Ukitoka Iringa kwa basi, ukaiacha mipaini ya Mafinga, unafika Makambako. Hapo reli ya TAZARA, iliyokwishapanda milima na kupenya mahandaki tangu Mlimba, inaikuta barabara kuu. Kuanzia hapo reli na lami huandamana kuelekea Mbeya kama wake wenza wanaochota kisima kimoja: hawasemeshani, hawaachani.

Reli ni ya Wachina. Barabara ina fedha ya Wamarekani. Bomba la mafuta la TAZAMA, lililokamilika 1968, walilijenga Waitaliano. Utotoni nilidhani ndiyo desturi ya dunia, kila mkubwa kuja na chake.

Kumbe palikuwa na ugomvi. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilibaki na shaba isiyo na njia salama ya kufika baharini. Hodi ya kuomba reli ilikuwa imeshapigwa Magharibi. Benki ya Dunia ikasema haitalipa. China ikakubali: mkataba 1967, mkopo usio na riba, ujenzi kuanza 1970, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, makabidhiano 1976. Marekani, isiyotaka kuonekana imelala, ikamwaga fedha kwenye barabara.

Nilikuja kuielewa habari hii kwa aibu yangu mwenyewe. Nikiwa kijana, kazini kwetu Mbeya palikuwa na wakubwa wawili wasiopikika chungu kimoja. Nikajiona mjanja, nikachagua upande. Nikabeba maneno, nikacheka vichekesho visivyochekesha. Siku moja wakapatana, hata leo sijui nani aliwasuluhisha. Wakala mbuzi pamoja. Aliyehamishwa ni mimi.

Ndani ya basi la kurudi Iringa, begi mapajani, reli ikipita dirishani, nikamkumbuka Rais Nixon wa Marekani. Februari 1972 alikwenda China akapeana mkono na Mao, wakati Wachina na Watanzania wakiendelea kuijenga reli hii hii. Mahasimu walianza kupatana, wala hawakutuuliza. Lakini lami haikung'olewa, na ujenzi wa reli haukusimama. Nyerere wetu na Kaunda wa Zambia walikuwa wameomba kitu kinachoshikika. Mimi niliomba kupendwa.

Siipambi TAZARA. Mkopo usio na riba nao ni deni, na milima haikuogopa urafiki: vichwa vya treni vya Kichina vilihema kule juu, hadi mwaka 1983 vikaletwa vya muundo wa Kimarekani, vilivyoundwa na kampuni ya Krupp ya Ujerumani Magharibi. Reli ya wakomunisti ikavutwa na mabepari! Hiyo hunichekesha kila nikipita.

Septemba 2024 Rais Samia na Rais Hichilema wa Zambia walikuwa Beijing, yakatiwa saini makubaliano ya kuifufua TAZARA, huku Wamarekani wakiipigia debe reli ya Lobito kule Angola. Safari yangu ya mwisho nilimsimulia yote haya mama mmoja wa Uyole, mfanyabiashara wa viazi, tuliyekaa naye kiti kimoja. Alinisikiliza hadi Chimala. Kisha akauliza:

"Sasa baba, hayo mabehewa yatachukua na viazi, au ni ya shaba tu?"